Shimo la Mkono Mmoja

Sajini Acidri anastaafu mwezi wa nane.
Kota imeshapata mwenyewe mwingine.
Miaka ishirini na sita nimepika kwenye jiko la serikali,
nimepaka chokaa kuta zisizo zangu,
nimezaa wanne chini ya bati lenye namba.
Basi usinicheke nikisema nilitetemeka
dalali Gidudu aliponionyesha uwanja tambarare
kando ya Namatala, Februari,
ardhi imepasuka kama kisigino changu,
na nyumba nzima keshaichora kwa kamba na vigingi:
sebule hii, vyumba vile, jiko lile pale.
"Mama, hapa hata ghorofa itasimama."

Bei yake ilikuwa ya kirafiki mno.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na hiki kilikuwa kimetembezwa hadi mlangoni kwangu
kwa pikipiki, mara tatu, kabla ya chai.

Sikumjibu. Niliangalia nyumba ya jirani.
Mstari wa tope umeuzunguka ukuta
sawasawa, kimo cha goti,
kama mkanda uliofungwa na mtu mwangalifu.
"Huu ni wa nini?"
"Rangi," akasema. "Mafundi wa siku hizi."
Nyuma ya choo kilichoinama
mafunjo yalikuwa yamekatwa juzi,
mashina yake bado yanatoka maji.
Nani hufyeka mafunjo ya kiwanja kikavu?

Nilirudi Aprili, peke yangu, na jembe la kukopa.
Nilimkuta mvulana, Wamono, ameshika ndoana.
"Unavua nini humu?"
"Kambare," akasema bila kugeuka.
"Lakini sebuleni hawapo wengi. Njoo chumbani."

Nikachimba pale palipoinuka kidogo, jikoni.
Mkono mmoja tu, hadi kwapani.
Juu kifusi chekundu, cha kuletwa na lori.
Chini yake udongo mweusi, unanuka mtungi uliosahauliwa.
Chini zaidi wa kijivu,
unaokamata vidole na kuvinyonya
kama ndama asiye na mama.
Nikafunika kwa sufuria, nikaenda zangu.
Asubuhi shimo limejaa pomoni.
Nilijiona humo, kitambaa kichwani kimekwenda upande.

Ofisi ya ardhi, foleni hadi saa nane.
Nandudu, karani mwenye miwani ya uzi,
alikunjua ramani iliyochanika kwenye mikunjo,
akatembeza kidole juu ya mstari wa buluu,
kikapita sebuleni, kikapita vyumbani, hakikubisha hodi.
"Mto hulala hapa," akasema.
"Karatasi utaipata, wauzaji wa karatasi hawaishi.
Kibali cha kujenga, mama, hicho usahau."
Akaita, "Anayefuata!"

Jioni nikamweleza Acidri.
Alikuwa anapiga viatu rangi,
viatu vya kazi iliyobaki miezi minne.
Brashi ikasimama.
"Nilishampa milioni mbili," akasema. "Kishika mkono.
Nilitaka nikushtue."

Hatukugombana. Ningetaka tugombane.
Tulisikiliza bomba la kota likidondosha,
kisha akauliza, kwa sauti nisiyoijua:
"Ulifika wapi, huo mkono?"
Nikamwonyesha kwapa.
Akachukua kiatu cha pili.

Simu ya Gidudu haipatikani.
Kiwanja kina tofali sasa, za mtu mwingine;
nilimsimamisha, nikamwambia yote, akanipa maji ya kunywa
akaendelea kupima msingi.

Sisi tunatafuta huko juu, penye mawe,
ambako jembe hulalamika na bei huuma.
Wiki iliyopita nilichimba tena, mkono mmoja,
nikafunika kwa sufuria ileile.
Usiku mvua ikanyesha, sikulala.
Asubuhi nikafunua: shimo ni shimo.
Sisimizi mmoja chini kabisa, amebeba punje,
anapanda ukuta, anaanguka, anapanda.
Nilikaa ukingoni nikamtazama mpaka akatoka.
Bado sijalipa. Jumatatu nakwenda kwa Nandudu.